Nani Amelipia Tangazo Hili? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Pesa za Makundi ya Nje Katika Uchaguzi wa Marekani

Mapema mwaka 2024 wapiga kura wa California walianza kuona matangazo ya kumshambulia Katie Porter, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kupitia chama cha Democratic aliyekuwa akiwania kiti cha Seneti. Matangazo yalimtuhumu kupokea pesa za wakubwa wa makampuni ya dawa, mafuta na benki. Aliyelipa ni kundi liitwalo Fairshake, na lilimwaga takriban dola milioni 10 katika kazi hiyo. Fedha za kundi hilo zilitoka hasa kwa makampuni yenye biashara ya sarafu za kidijitali: Coinbase, Ripple na kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz. Matangazo yenyewe hayakusema lolote kuhusu sarafu za kidijitali. Kura za mchujo zilipigwa Machi 5, Porter akawa wa tatu, na safari yake ikaishia hapo.

Kisa hiki kina jambo ambalo ningependa kila Mswahili mwenye kura Marekani alishike kabla ya jingine lolote: tangazo linaweza kuzungumzia jambo moja wakati aliyelilipia anatafuta jambo lingine kabisa. Ukisikiliza maneno ya tangazo peke yake umepata nusu ya habari, tena ile nusu uliyoandaliwa. Nusu ya pili iko kwenye kumbukumbu za umma, bure, mtandaoni. Wengi wetu hatuifikii kwa sababu hakuna aliyetuonyesha mlango, na pia kwa sababu hatujui siku ambayo mlango huo hufunguliwa. Hilo la siku nitalikalia kwa kirefu mbele.

Ninawaandikia ndugu zetu waliokwisha pata uraia wa Marekani: Wakenya wa Minnesota na Texas, Wakongo waliofika Kentucky, Iowa au Arizona kama wakimbizi na leo wanapiga kura, Watanzania wa Maryland na kwingineko. Waandishi wa habari wanaotangaza uchaguzi huo kwa Kiswahili pia watapata cha kufanyia kazi.

Makundi yenyewe ni yapi

Ninaposema makundi ya nje, ninamaanisha makundi yaliyo nje ya kamati ya mgombea na nje ya chama chake. Pesa za wageni kutoka nchi nyingine ni suala tofauti, na zimekatazwa kabisa, nitalifikia.

Mgombea wa Congress au urais amewekewa ukomo wa michango. Kwa uchaguzi wa 2026, mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea dola 3,500 za mchujo na dola 3,500 nyingine za uchaguzi mkuu, basi. Kundi la nje la aina ya super PAC, yaani kamati ya siasa inayokusanya na kutumia pesa bila kuwa chini ya mgombea, linaweza kupokea dola milioni 50 kutoka kwa mtu huyohuyo kwa siku moja. Tofauti hiyo ilijengwa mahakamani, kipande kwa kipande. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley v. Valeo, Mahakama ya Juu ilikubali michango iwekewe ukomo lakini ikakataa kuwekea ukomo matumizi, kwa hoja kwamba kutumia pesa kueneza maoni ni sehemu ya uhuru wa kusema. Januari 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, kesi ya Citizens United iliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao kwenye uchaguzi bila kikomo, mradi hawapangi pamoja na mgombea. Machi mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Washington, katika kesi ya SpeechNow.org, ikaongeza kwamba kundi linalotumia pesa kivyake linaweza pia kupokea bila kikomo. Hapo ndipo super PAC zilipozaliwa.

Kwa mtu anayefuatilia pesa, kilicho muhimu ni nani analazimika kutaja majina na nani halazimiki. Super PAC hutaja wachangiaji wake. Mashirika yasiyo ya kibiashara yanayojiita ya ustawi wa jamii, ambayo kwenye sheria ya kodi huandikwa 501(c)(4), kwa kawaida hayataji. Vivyo hivyo vyama vya wafanyabiashara vya 501(c)(6), kama vile U.S. Chamber of Commerce. PAC za kawaida, ambazo mtu huchangia mwisho dola 5,000 kwa mwaka, ni za siku nyingi na hazisumbui sana.

Ukubwa wa mambo haya? Kwa hesabu za OpenSecrets, taasisi inayofuatilia fedha za siasa, makundi ya nje yalitumia takriban dola bilioni 4.5 katika uchaguzi wa shirikisho wa 2024. Elon Musk peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 250, sehemu kubwa ikienda kwenye kundi lake la America PAC.

Hatua ya kwanza: nasa jina kamili

Sheria inataka tangazo la aina hii liseme limelipiwa na nani. Kwenye karatasi iliyoletwa kwa posta, tafuta maandishi madogo yanayoanza na "Paid for by". Kwenye televisheni yapo chini ya skrini mwishoni, na sauti husoma jina la kundi ikifuatiwa na maneno "is responsible for the content of this advertising". Ukikuta pia maneno "not authorized by any candidate or candidate's committee", ujue hilo ni kundi la nje, hata kama picha ya mgombea imejaa ukurasa mzima.

Piga picha ya skrini au ya karatasi. Andika jina lote, herufi kwa herufi. Makundi haya hupenda majina yenye maneno kama America, Families, Freedom, Future na Progress, na yanafanana kiasi kwamba ukikosea neno moja utaangukia kwa watu wengine kabisa. Andika pia tarehe uliyoliona tangazo na mahali, kwa mfano jina la kituo cha televisheni. Utavihitaji baadaye.

Hatua ya pili: lipekue kundi kwenye tovuti ya FEC

Kwa uchaguzi wa shirikisho, yaani urais, Seneti na Baraza la Wawakilishi, kumbukumbu ziko kwa Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, FEC. Nenda fec.gov/data, andika jina la kundi kwenye kisanduku cha kutafutia. Kila kamati ina namba inayoanza na C ikifuatiwa na tarakimu nane. Nakili namba hiyo, kwa sababu majina hubadilishwa lakini namba hubaki.

Ukifungua ukurasa wa kamati, tazama mambo matatu kabla ya kukimbilia pesa. La kwanza ni aina ya kamati: imeandikwa wazi kama ni super PAC au nyingine. La pili ni tarehe ya kusajiliwa. Kundi lililosajiliwa wiki chache kabla ya kura linastahili jicho la ziada. La tatu ni Form 1, hati ya kuanzishwa, ambayo hutaja mweka hazina, anwani na benki. Mweka hazina mmoja anaweza kuhudumia kamati nyingi kwa sababu hiyo ni kazi ya kitaalamu ya kulipwa, kwa hiyo jina lake lichukue kama dokezo la kukuelekeza mbele. Si ushahidi wa njama.

Hatua ya tatu: tazama zilikokwenda

Kwenye ukurasa wa kamati fungua sehemu ya matumizi, kisha "Independent expenditures". Hapo utaona kila malipo: tarehe, kampuni iliyolipwa, kazi iliyofanywa, jina la mgombea, na kama pesa zilitumika kumuunga mkono au kumpinga. Unaweza pia kuanzia upande wa mgombea. Fungua ukurasa wake, nenda kwenye matumizi ya makundi ya nje, na tovuti itakuorodheshea nani wanamsaidia na nani wanampiga.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata waandishi wa habari. Malipo yaleyale hutolewa taarifa mara mbili. Kundi likitumia dola 10,000 au zaidi kwenye kinyang'anyiro kimoja, linatakiwa litoe taarifa ndani ya saa 48. Zikibaki siku 20 kabla ya kura, kiwango hushuka hadi dola 1,000 na muda huwa saa 24. Kisha malipo hayohayo huingia tena kwenye ripoti ya kawaida ya kamati. Tovuti hutenganisha taarifa hizo za haraka na zile za kawaida, kwa hiyo chagua kundi moja la takwimu na ujumlishe hilo tu. Ukichanganya, utatangaza kwamba mtu ametumiwa dola milioni 6 kumbe ni milioni 3.

Tazama pia uwiano wa kuunga na kupinga. Pesa nyingi za nje huenda kwenye mashambulizi. Mgombea hubaki na mikono safi, huku kundi ambalo hakuna mtu amewahi kulipigia kura likimfanyia kazi chafu.

Hatua ya nne: tazama zilikotoka

Sasa rudi kwenye ukurasa wa kamati, fungua mapato, upange kuanzia kiasi kikubwa kwenda kidogo. Kila aliyetoa zaidi ya dola 200 kwa mwaka anatajwa kwa jina, mji, kazi na mwajiri. Kwenye super PAC kubwa, mistari kumi ya kwanza kwa kawaida inatosha kukueleza habari yote.

Mara nyingi mstari wa juu hautakuwa mtu wala kampuni. Utakuwa kamati nyingine. Hapo andika namba ya kamati hiyo na urudie hatua hii kwake. Fairshake, kwa mfano, ina makundi mawili dada: Defend American Jobs, linalosaidia upande wa Republican, na Protect Progress, la upande wa Democratic. Mpiga kura wa Ohio aliyeona mwaka 2024 matangazo yaliyolipiwa na Defend American Jobs kumuunga mkono Bernie Moreno, mpinzani wa Seneta Sherrod Brown, asingejua chochote kutokana na jina. Dola takriban milioni 40 zilitumika huko, na mnyororo wake ulirudi kwa makampuni yaleyale yaliyomwandama Porter kule California. Angepanda ngazi moja tu kwenye tovuti ya FEC angeona.

Endelea kupanda hadi ufike kwa mtu, kwa kampuni, au kwenye ukuta. Na tahadhari: majina na anwani za wachangiaji binafsi ni za kusoma na kuripoti. Sheria inakataza kuzitumia kuomba michango au kufanyia biashara. Mimi naongeza kwamba anwani ya nyumbani ya mtu haina kazi yoyote kwenye kundi lako la WhatsApp, hata awe tajiri namna gani.

Hatua ya tano: ukigonga ukuta

Ukuta ni shirika la 501(c)(4). Super PAC imeandika kwamba ilipokea mamilioni kutoka kwa shirika fulani, na shirika hilo halitaji aliyelipa. One Nation huipelekea fedha Senate Leadership Fund upande wa Republican. Majority Forward iko pamoja na Senate Majority PAC upande wa Democratic. Future Forward iliyomuunga mkono Kamala Harris mwaka 2024 ilikuwa na mkono wa super PAC na mkono wa shirika lisilotaja majina. Vyama vyote viwili vinautumia mlango huu, na asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa wa upande mmoja.

Hata hivyo ukuta una nyufa. Mashirika hayo hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, IRS, fomu iitwayo 990, na fomu hiyo ni ya umma. Ingia kwenye Nonprofit Explorer ya ProPublica, andika jina la shirika, fungua fomu yake. Majina ya wachangiaji hayamo. Utakachopata ni wakurugenzi na mishahara yao, jumla ya mapato, na sehemu iitwayo Schedule C inayoeleza shughuli za siasa. Kilicho bora zaidi ni Schedule I ya mashirika mengine: kila shirika huorodhesha ruzuku lilizotoa. Kwa hiyo tafuta jina la shirika lako kwenye fomu za wenzake. Aliyeficha kupokea anaweza kuwa ameandikwa na aliyetoa.

Kasoro ni muda. Fomu ya mwaka 2024, shirika likiomba nyongeza ya muda, inaweza kuwasilishwa Novemba 2025. Uchaguzi umekwisha, aliyeshinda ameshaapishwa, sheria zimeshaanza kupitishwa.

Hatua ya sita: isome kalenda

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Watu hulalamika juu ya majina yaliyofichwa, na ni haki yao. Ila kwa maoni yangu kichaka kikubwa zaidi ni tarehe. Jina litatajwa, kwa mujibu wa sheria, bila kosa lolote, siku ambayo haliwezi tena kubadili kura ya mtu.

Tuchukue uchaguzi mkuu wa Novemba 3, 2026. Ripoti ya mwisho kabla ya kura inatakiwa ifike FEC siku 12 kabla, yaani Oktoba 22, na inahesabu michango iliyopokelewa hadi Oktoba 14 tu. Ripoti inayofuata ni ya Desemba 3. Maana yake, mchango wowote ulioingia kati ya Oktoba 15 na siku ya kura hauonekani mpaka mwezi mmoja baada ya kura. Utaona matumizi, kwa zile taarifa za saa 24. Utajua kwamba kundi fulani limemwaga dola milioni 5 jimboni kwako wiki ya mwisho. Aliyezitoa humwoni.

Wenye akili ya hesabu waliliona pengo hilo zamani. Katika uchaguzi mdogo wa Seneti wa Alabama, Desemba 12, 2017, super PAC iliyojiita Highway 31, jina la barabara inayopita katika jimbo hilo, ilitumia zaidi ya dola milioni 4 kumsaidia Doug Jones wa Democratic. Orodha ya waliolipa ilitoka baada ya kura: nyuma yake zilikuwa super PAC za kitaifa za chama hicho, Senate Majority PAC na Priorities USA Action. Mwaka uliofuata, kwenye mchujo wa Republican kule West Virginia, kundi lenye jina la kienyeji la Mountain Families PAC lilimshambulia Don Blankenship, nalo pia mizizi yake ilikuwa Washington, kwa wakubwa wa chama hicho. Jina huvaa nguo za kijijini, pesa zimeshuka kwa ndege.

Basi fanya hivi. Fungua ukurasa wa tarehe za ripoti kwenye tovuti ya FEC na uchague jimbo lako, kwa sababu kila jimbo lina siku yake ya mchujo na ripoti zake za kabla ya mchujo. Weka tarehe hizo kwenye simu yako. Siku ripoti ya mwisho inapotoka, pitia makundi yote yanayofanya kazi kwenye kinyang'anyiro chako na uandike yapi yana wachangiaji wanaojulikana. Kuanzia hapo, kundi jipya likijitokeza, waambie wenzako maneno haya haya: "Kundi hili limesajiliwa tarehe fulani, wachangiaji wake hawatajulikana kabla ya kura." Hayo ni maelezo ya kweli, na mpiga kura anastahili kuyasikia kabla hajaingia kituoni.

Angalia pia ratiba ambayo kundi limechagua. Yapo makundi yanayoripoti kila mwezi, tarehe 20, na yapo yanayoripoti kila robo mwaka. Wakati wa mchujo tofauti hiyo inaweza kuficha wiki nyingi.

Hatua ya saba: vituo vya televisheni na mitandao

Vituo vya televisheni na redio vya Marekani vinalazimika kuweka wazi mikataba ya matangazo ya siasa. Nenda publicfiles.fcc.gov, tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, uandike herufi za kituo, ufungue faili la siasa na mwaka. Utakuta nani amenunua, vipindi gani, kwa bei gani. Pale tangazo linapogusa suala la kitaifa, kituo kinatakiwa pia kiorodheshe viongozi au wajumbe wa bodi ya mnunuzi. Mara nyingine mkataba huonekana hapa siku kadhaa kabla tangazo halijarushwa, kwa hiyo ukiwa mwandishi wa habari, chimba hapa kwanza.

Faili hizo zitakufundisha jambo jingine. Siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo lazima kimpe mgombea bei yake ya chini kabisa. Super PAC haina haki hiyo, hulipa bei ya soko. Kwa hiyo dola milioni moja ya kundi la nje hununua dakika chache kuliko dola milioni moja ya mgombea, na ukilinganisha nguvu za pande mbili kwa kuhesabu dola tu utakosea.

Kwa mitandao tumia Ad Library ya Meta na Ads Transparency Center ya Google. Zinaonyesha tangazo lenyewe, makadirio ya matumizi, na maeneo yaliyolengwa. Ukiona kundi linalosema jambo moja kwa wazee wa mtaa mmoja na jambo lingine kwa vijana wa mtaa wa pili, umepata habari.

Hatua ya nane: chunguza kama kweli wako mbalimbali

Sheria nzima imesimama juu ya dhana kwamba mgombea na super PAC hawapangi pamoja. Nenda kwenye tovuti ya mgombea uone dhana hiyo inavyotendewa. Tafuta ukurasa uliojificha chini, mara nyingi wenye kisanduku chenye mpaka mwekundu, ulioandikwa kwamba wapiga kura wanahitaji kuona, kusikia au kusoma jambo fulani. Wanaofuatilia mambo haya wanasema kuona ni televisheni, kusikia ni redio, kusoma ni barua za posta, na maneno "on the go" ni matangazo ya mtandaoni. Ujumbe umewekwa hadharani, kila mtu anaweza kuusoma, kwa hiyo wahusika hudai hawajawasiliana. Nakili maneno hayo, kisha linganisha na matangazo ya kundi la nje yatakayotoka siku chache baadaye.

Kuna mahali hila hiyo imegharimu. Katika mchujo wa umeya wa New York mwaka 2025, bodi ya jiji inayosimamia fedha za kampeni ilimnyima Andrew Cuomo zaidi ya dola 622,000 za ruzuku ya umma, kwa sababu tangazo la super PAC iliyomuunga mkono, Fix the City, lilifuata maelekezo yaliyokuwa kwenye tovuti yake. Kwenye ngazi ya shirikisho uzio umezidi kulegea. Machi 2024 FEC ilitoa maoni kwamba kazi ya kugonga milango nyumba kwa nyumba inaweza kupangwa pamoja na kampeni, na America PAC ikaubeba mzigo huo kwa ajili ya Donald Trump mwaka huohuo. Mtu akigonga mlango wako kuomba kura, muulize kwa upole anafanya kazi kwa nani: kwa mgombea, kwa chama, au kwa kundi.

Hatua ya tisa: majimbo na miji ina vitabu vyake

FEC haishughulikii magavana, mabunge ya majimbo, majaji wala mameya. Kila jimbo lina ofisi yake. Ukitaka kujua nani alitumia pesa kwenye kinyang'anyiro kama kile cha 2024 kilichompeleka Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwenye Bunge la Minnesota, utakwenda kwenye bodi ya fedha za kampeni ya jimbo hilo. Wisconsin ina tume yake ya maadili. Ubora unatofautiana sana. New York City naiona kama mfano wa kuigwa, kwani matangazo ya makundi ya nje hulazimika kutaja wachangiaji wao watatu wakubwa ndani ya tangazo lenyewe.

Kupima nguvu ya pesa hizi bila kutia chumvi

Tusidanganyane kwamba pesa hushinda kila mara. Super PAC ya Jeb Bush, aliyewania urais kupitia Republican, iliyoitwa Right to Rise, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, naye akajitoa Februari 2016 bila kushinda jimbo hata moja. Aprili 2025 Musk na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20 kwenye kiti cha Mahakama ya Juu ya Wisconsin. Susan Crawford, waliyempinga, alishinda kwa takriban asilimia 10. Na New York, Fix the City ilipata zaidi ya dola milioni 20, zikiwemo zaidi ya milioni 8 za Michael Bloomberg, lakini Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alimshinda Cuomo kwenye mchujo wa Juni na tena kwenye uchaguzi wa Novemba.

Pesa hizi huuma zaidi pale wapiga kura ni wachache na hawamjui mgombea: mchujo, viti vya majaji, chaguzi ndogo. Juni 2024, United Democracy Project, super PAC ya AIPAC, kundi linaloitetea Israel, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 kwenye wilaya moja tu ya New York, Jamaal Bowman akashindwa na George Latimer. Matangazo mengi hayakuigusa Israel, ingawa Israel ndiyo haja ya AIPAC. Kwa hiyo ukipima, jiulize: kundi la nje limetumia kiasi gani ukilinganisha na kampeni zenyewe? Liliingia wiki ngapi kabla? Mgombea alikuwa anajulikana kiasi gani?

Kisha kuna nguvu isiyoonekana kwenye kura. Baada ya 2024 Fairshake ilitangaza kuwa na zaidi ya dola milioni 100 tayari kwa uchaguzi wa 2026. Mwanasiasa anayesoma tangazo hilo hahitaji kushambuliwa. Anahitaji tu kukumbuka yaliyompata Porter. Athari ya namna hiyo itafute kwenye kura zinazopigwa ndani ya Congress, kwa kulinganisha msimamo wa mtu kabla na baada ya pesa kuingia mjini.

Wewe na pesa zako

Mwenye uraia na mwenye green card wanaruhusiwa kuchangia. Aliye Marekani kwa viza ya masomo, kazi au utalii haruhusiwi kutoa hata dola moja kwa mgombea, chama au super PAC, na ndugu aliye Mombasa au Dodoma haruhusiwi vilevile. Kujitolea bila malipo kunaruhusiwa. Kosa ambalo naogopa sana kwa jamii yetu, kwa jinsi tulivyozoea kuchangiana kwa kutumiana pesa, ni mtu kutoa mchango kwa jina lake halafu akarudishiwa na mwingine. Huko ni kuchangia kwa jina la mwenzio, na ni kosa la jinai.

Ukipigiwa simu au kutumiwa ujumbe ukiombwa mchango kwa ajili ya maaskari, maveterani au mgombea unayempenda, pata kwanza jina la kamati na ufungue matumizi yake kwenye FEC. Ukikuta karibu pesa zote zinalipa kampuni za kupiga simu na washauri, usitoe. Kuna kamati zilizoanzishwa kwa kazi hiyo tu, na wazee ndio wanaoumizwa zaidi.

Malalamiko kwa FEC hupelekwa kwa maandishi, yakiwa na jina na anwani yako, sahihi, na kiapo mbele ya mthibitishaji wa hati. Uamuzi unahitaji kura nne za makamishna sita, na Mei 2025 tume ilipoteza akidi, ikawa haiwezi kuamua kesi. Ripoti za fedha ziliendelea kuwasilishwa kama kawaida. Kwa hiyo usisubiri hukumu ndipo uwaambie watu. Ukishapata ulichotafuta, kiandike kwa Kiswahili chepesi, kwa mpangilio huu: jina la kundi na namba yake, kiasi lilichotumia na dhidi ya nani au kwa nani, wachangiaji watatu wakubwa, tarehe ambayo ripoti inaishia, na kiungo cha ukurasa wa FEC ili kila mtu ahakikishe mwenyewe.